Ushahidi wa Bawabu wa Shushani

Mfalme alikuwa hajazikwa, na tayari mji wa Shushani ulikwisha kumuua kwa njia tatu. Wapishi walisema kachomwa kisu. Wachunga farasi waliapa kwamba aliteleza ngazini akajigonga. Mwanawe, aliyekwisha kujivika taji, alisema ni sumu, na aliyeitia ni Bagadusta, mnyweshaji. Watu wakaifuata ya mwenye taji. Nani ana shingo mbili?

Aliyejua ni Rushnapata, bawabu wa chumba cha mfalme. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila aingiaye amevificha viganja ndani ya mikono ya joho, asije akashika silaha. Jioni ile mwana wa mfalme alikuja na kiganja cha kulia nje. Rushnapata alikiona. Akaona haya kumkemea mtoto wa bwana wake kama anakemea mchuuzi, akampisha. Haya hiyo ndiyo iliyoua.

Barazani Bagadusta alisimama amefungwa kamba.

"Kikombe nilikionja mimi kwanza, kama kila siku," akasema. "Sumu gani hiyo inayochagua koo? Rushna, ndugu yangu, wewe ulikuwa mlangoni. Si uwaambie?"

Mfalme mpya akamgeukia bawabu, anatabasamu. "Haya mzee, sema. Mwajemi hasemi uongo. Uliona kiganja cha mtu?"

Angesema ndiyo, wakuu wa baraza wangelazimika kumfungua Bagadusta. Lakini bawabu aliyeona akanyamaza naye ni muuaji, na adhabu yake ni kifo. Rushnapata aliogopa, tena akajichukia kwa kuogopa.

"Viganja vyote vilikuwa ndani, bwana wangu."

Bagadusta alimtazama tu rafiki aliyekula naye mkate miaka yote, mpaka wakamwondoa. Jua halijatua, wakamuua.

Wakati wa chakula cha usiku mtu alibisha hodi kwa Rushnapata. Alikuwa Vardaka, mjane wa Bagadusta, na kikapu cha zabibu kavu.

"Shemeji, nimeambiwa yote," akasema, macho yamemvimba. "Baraza zima lilimgeuka mume wangu. Ni wewe peke yako uliyemtetea. Ahuramazda akulipe."

"Nani kakwambia?"

"Si mji mzima unasema!"

Rushnapata alitamani kumwangukia miguuni amwambie kila kitu. Badala yake akakipokea kile kikapu.

"Nilijitahidi, shemeji," akasema.