Sifuri ya Ukurasa wa Sitini na Moja

Tasnifu ya Wasila Merrouche ilinifikia mimi, mtahini wake, wiki tatu kabla ya siku ya kuitetea mjini Constantine. Kosa nililiona ukurasa wa sitini na moja.

Katika fizikia yetu, ili kujua mfumo utajibu vipi, tunaongeza kwenye milinganyo uga wa chanzo: msukumo wa kubuni ambao mwishoni lazima urudishwe sifuri. Utaratibu ni mmoja. Kwanza sanduku la hesabu, yaani nafasi ya kubuni iliyoshika mfumo, lipanuliwe hadi lisiwe na mwisho, ndipo chanzo kiondolewe. Ukitanguliza kukiondoa, utapata sifuri daima, hata kama unachokihesabu ni nguvu ya sumaku, ambayo kamwe si sifuri. Wasila alikuwa ametanguliza.

Asubuhi ya utetezi, msimamizi wake, Tahar Benlatreche, alinishika mkono mlangoni.

"Lakhdar, sheikh wangu, leo usitutoe jasho. Muulize kitu chepesi. Nafasi ya uhadhiri inafungwa Alhamisi, na bila shahada haipati."

"Umeusoma ukurasa wa sitini na moja?"

"Wewe na kurasa zako! Mkeo anakuvumiliaje?"

Mbele ya jopo nilimuuliza Wasila, "Binti yangu, kwa nini chanzo kimeondoka kabla sanduku halijapanuka?"

Alimtazama Tahar. Tahar alikuwa akisoma simu yake.

"Ni kosa langu, Profesa."

"Ukifuata utaratibu, unapata nini?"

"Sifuri nukta nne moja saba."

Alijibu papo hapo. Namba kama hiyo haikokotolewi kichwani. Na makala iliyompa Tahar uprofesa, miaka kumi na miwili nyuma, ilidai jibu la hesabu hiyohiyo ni sifuri.

Jopo hupima kilichoandikwa. Tuliahirisha kwa miezi sita. Kura yangu ilikuwa miongoni mwa zilizoahirisha. Mama yake, aliyekuja na sinia la makrudi, vitamu vya tende, vya kusherehekea, aliondoka nalo bila kulifunua.

Nilimkuta Wasila kwenye ngazi.

"Ulikuwa na jibu sahihi. Kwa nini hukulitetea?"

"Profesa Tahar aliniambia nilifute, la sivyo hatii saini. Nani angenitilia, Profesa? Wewe?"

Alhamisi nafasi ikaenda kwa mwingine.

Machi iliyofuata Tahar alichapisha makala, jina lake peke yake: utaratibu sahihi, sifuri nukta nne moja saba. Mwishoni alimshukuru Wasila kwa kuchapa milinganyo, na mimi kwa swali zuri.

Nimeipitia hesabu yote. Haina kosa.