Uzee wa Chanelle

Maji ya mvua yalikuwa bado yamesimama mlangoni, na Léocadie alikuwa anaponda sombe, majani ya muhogo, aliposikia binti yake akikohoa nyuma ya pazia. Alipolifunua alikuta nywele za Chanelle zimekuwa nyeupe zote. Chanelle alikuwa na miaka ishirini na miwili. Yeye na Destin, fundi wa pikipiki, walikuwa waoane mpunga ukishavunwa.

Korona ilikuwa imeingia Buterere, na huku ilikuwa inachukua miaka ya watu. Jirani yao Consolée alizeeka huku ananyonyesha, maziwa yakakauka. Watu walimpa pole na mkongojo.

Jioni meno ya Chanelle yakaanza kung'oka. Kesho yake mgongo ukapinda, pumzi ikawa ya kutafuta. Léocadie akapanda Kiriri, mtaa wa matajiri mlimani, kwa madamu ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo. Nyumba ile nayo ilikuwa imeugua ugonjwa huohuo. Daktari alikuja na gari lake, ikaletwa chupa ya oksijeni, wakapona wote na miaka yao. Madamu alikuwa hata amenenepa kidogo. Chupa ilisimama koridoni, na Léocadie akaiomba.

"Mgonjwa ana umri gani?" madamu aliuliza.

"Alikuwa na makumi mbili na mbili, madamu. Leo asubui yuko kama wa sabini."

Madamu alimsikitikia kwa dhati. Alieleza kwamba mtu wa sabini kumwekea oksijeni ni kumtesa bure, na tena mama mkwe wake angeweza kuugua upya. Akampa malimau na tangawizi, akamruhusu asije kazini mpaka Jumatatu.

Destin alikuja kumwona mchumba wake. Alivua kofia, akainama, akamwita nyanya. Kisha akaona alichosema, akaomba msamaha. Chanelle alicheka, ufizi mtupu.

"Usijali," alimwambia. "Ata we utanifikia."

Alikufa kabla jua halijachwa, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Muuguzi wa zahanati alimtazama akasema huyu amekufa kwa uzee, hahesabiwi na wa korona. Alikuwa amesema hivyohivyo Consolée alipokufa.

Makaburini watu walimpa Léocadie pole ya kufiwa na nyanya, naye akawashukuru. Lakini padri alipoanza kumshukuru Mungu kwa maisha marefu aliyomjalia marehemu, Léocadie alimsogelea.

"Padri, huyu ni mutoto wangu."

Padri alimjibu taratibu kwamba anajua, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyembatiza. Ila tangu ugonjwa uingie Buterere hajazika kijana hata mmoja, wote wanakufa wazee, na sala ya vijana amekwisha kuisahau. Akarudi kaburini, akaisoma sala ya wazee mpaka mwisho. Watu wakaitikia amina. Léocadie naye akaitikia.