Ncha ya Pili ya Kamba

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, taabu yetu kubwa ilikuwa maji. Tulipelekwa kwenye kijiji kipya upande wa Issuna, nyumba zimepangwa mistari ya kupendeza, na maji hakuna. Ndipo akaja Simoni, mkandarasi kutoka Singida Mjini, achimbe kisima bondeni. Alitaka tumwite Ndugu Simoni. Mume wangu Mughwai akaajiriwa kuchimba, na mimi Hana nikawa mpishi wa vibarua.

Kwetu mwanamke hasogelei kisima kinachochimbwa. Wanasema maji yatakimbia. Sisi wapishi mwisho wetu ulikuwa kwenye jiwe kubwa, na hapo nilisonga ugali macho yangu yakiwa shimoni. Mughwai alikuwa ameshachimba hadi kichwa chake hakionekani kabisa. Ngazi haikuwepo. Wanaume wanne walimshusha kwa kamba iliyopita kwenye roda, na kwa kamba hiyohiyo walipandisha ndoo za udongo. Kwamba bonde lile ni njia ya maji, kila mtu alijua. Simoni naye alijua, ndiyo maana mifuko ya saruji aliipanga juu ya magogo. Mume wangu hakupangiwa kitu.

Mvua ilitujia mchana, kwa ghafla, na mawe yake. Simoni akaanza kupiga kelele.

"Saruji! Saruji ya serikali hiyo! Leteni turubai!"

Wale wanne wakaifunga kamba kwenye nguzo, wakakimbilia saruji. Nikasubiri nione nani atarudi. Hakurudi mtu. Maji mekundu yakaanza kuteremka kutoka mlimani, yakatafuta njia kwenye nyasi, yakaliona shimo.

"Mughwai yuko chini!" nilipiga yowe.

"Ngoja kidogo, mama!" Simoni alijibu, ameng'ang'ania turubai. "Tunakuja!"

Ningoje nini? Nilitupa mwiko nikalipita jiwe. Wenzangu Klara na Esta wakanifuata. Tukafungua kamba, tukavuta hadi viganja vikachubuka. Mughwai alitokea ana tope hadi kidevuni. Nilimpiga ngumi begani, hata sijui kwa nini, halafu nikamkumbatia nikalia.

Simoni akaja, kalowa chapachapa.

"Nani amewaruhusu wanawake kuja kisimani?"

"Mtu wako alikuwa anazama."

"Mvua ni kazi ya Mungu, mama. Mimi ningefanya nini?"

"Mvua ni ya Mungu. Na kamba je, ni ya nani?"

Wale wanaume wanne walitazama chini, na mmoja wao, Lazaro, alijifuta uso mara mbili ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Maji ya tope yalipokwisha kutekwa, Simoni akamwita Mughwai kazini. Naye, bila aibu, akachukua sururu yake! Nilimfokea hadi sauti ikakauka.

"Watoto wanakunywa dimbwi moja na ng'ombe," alisema. "Kisima lazima kiishe."

Hapo aliniweza. Lakini kukaa nyumbani sikuweza, wala kukaa jikoni. Nilikwenda nikaketi ukingoni mwa shimo, mbele ya watu wote.

"Ondoka hapo, mama. Maji yatakimbia," Simoni alisema.

"Yakimbie. Mimi siondoki mpaka ncha moja ya kamba afungwe Mughwai, na ya pili ufungwe wewe kiunoni. Akiwa chini, wewe huendi popote."

Simoni alicheka. Akawageukia wanaume wake wacheke naye. Lazaro aliokota ncha ya kamba, akaileta polepole, akasimama mbele yake.

"Tukufunge, Ndugu," alisema. "La sivyo leo hatushushi mtu."

Simoni alitutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayetabasamu. Mwishowe aliinua mikono kama mtu anayepimwa suruali kwa fundi, na Lazaro akamfunga.

Mughwai akashushwa. Simoni alikaa, akasimama, akakaa tena. Kila upepo ulipopita aligeuza shingo kutazama mlima. Aliuliza kina kimefika wapi. Aliuliza kama kuna mtu anayejua kutengeneza ngazi. Nami sikuwa na raha kumzidi, ila nilijikaza nisionekane.

Baadaye ikasikika ngurumo moja, mbali sana, hata mbuzi waliokuwa malishoni hawakuinua vichwa.

"Mtoeni!" Simoni aliruka. "Mtoeni upesi! Mnasubiri nini?"

Wakamvuta, Simoni naye akivuta kwa mikono yake laini. Mughwai alitoka mkavu, amekasirika.

"Mbona mnanitoa? Mvua iko wapi?"

Simoni alikuwa anahangaika na fundo kiunoni, na fundo halifunguki. Nilimwacha ahangaike nalo kidogo, kisha nikaenda kumfungua.