Hana Shughuli

Kaka yake alipoingia karakanani na faili kwapani, Misumari alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililochunwa kitambaa chote, nyundo mkononi, misumari midogo imebanwa midomoni. Ndiyo maana wateja walimwita hivyo. Ukimsalimia akiwa kazini, atakujibu kwa nyusi.

"Dada, nina haraka. Kuna mahali pa kusaini tu."

Akaitema misumari kiganjani. "Kusaini nini?"

"Haya mambo ya mahakama. Hakimu ameagiza tathmini ya malezi. Afisa ustawi wa jamii atakuja kwangu, aende na kwa yule mwanamke, aangalie Kasuku akae na nani. Kabla hajaja, kila mzazi anapeleka maelezo yake na ya mashahidi wake. Wakili ameshaandika. Karatasi yako ni hii hapa."

Yule mwanamke alikuwa mkewe mpaka mwaka jana. Kasuku ni binti yao wa darasa la pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu aanze kusema hajapumzika.

Misumari alijifuta mikono kwenye aproni, akaanza kusoma.

"Mimi, dada wa mwombaji, sina shughuli yoyote. Niko nyumbani kutwa. Ni mwenye upendo na mvumilivu. Nimekubali kwa hiari yangu kuhamia kwa kaka yangu na kumlea mtoto muda wote baba yake anapokuwa safarini."

Alirudia kusoma. Nyuma yake marobota ya sponji yalikuwa yamepangwa hadi darini, na uani fundi mwenzake alikuwa akipasua mbao kwa msumeno.

"Nani hana shughuli?" aliuliza taratibu.

"Ah, ni lugha ya mahakama tu, Dada."

"Na hii ni nini, mwiko?" Akainua nyundo.

Kaka mtu akarudi nyuma hatua moja. "Nisikilize. Mimi ni dereva wa lori, naweza kukaa njiani wiki nzima. Tukiandika kwamba na wewe una karakana, watauliza mtoto atabaki na nani."

"Swali zuri. Atabaki na nani?"

"Si na wewe?"

"Nimekubali lini?"

"Nilijua utakubali. Huna mume, huna mtoto, unarudi nyumbani kutazama kuta. Nilidhani hata utafurahi."

Misumari alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Akaugeukia msumari uliochomoza kwenye kochi, akaugonga. Kaka yake akadhani hiyo ni dalili njema. Akachomoa karatasi nyingine.

"Halafu hii fomu ya mtoto nijazie wewe. Mambo yake unayajua kuliko mimi."

Fomu ilikuwa karibu tupu. Mwalimu wa darasa: patupu. Dawa zinazomdhuru: patupu. Anayempeleka shule: patupu. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa, ikakatwa, ikaandikwa nyingine.

"Analala na taa au bila taa?" Misumari akauliza.

"Na taa."

"Bila! Taa inamkosesha usingizi. Mama yake amekwambia mpaka amechoka. Mtoto hujui hata analalaje, unamtaka wa nini?"

"Ni damu yangu! Unataka watu waseme mwanamke amenipokonya mtoto?"

"Ahaa. Sasa umesema."

Kaka alipoona mambo yamekuwa magumu, alimpigia mama yao, akaweka simu kwenye spika na kuilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mama hakuuliza kilichotokea. Ilionekana wazi alikuwa akiisubiri simu hiyo.

"Mwanangu, saini. Mchuma janga hula na wa kwao."

"Mama, wakati wa kuchuma sikualikwa. Naitwa wakati wa kula."

"Utapungukiwa nini? Hayo makochi yatakukimbia?"

"Makochi hayahaya ndiyo yaliyompeleka huyu chuo cha udereva, Mama. Ulisahau? Leo sina shughuli!"

"Usinipandishie sauti."

"Nimeshaipandisha."

Alimrudishia kaka yake faili na kumwonyesha mlango. Kaka alitoka, na njiani akalipiga teke robota la sponji, teke lisilomuumiza mtu.

Misumari alidhani yamekwisha. Wiki iliyofuata ikaingia simu ya mwanamke mwenye sauti ya upole: afisa ustawi. Alitaka tu kuhakikisha maelezo aliyoyasaini. Je, ameshahamia kwa kaka yake?

"Niliyoyasaini?"

Aliondoka vilevile na aproni, nyuzi zimemganda magotini.

Ofisi ilikuwa chumba chembamba chenye meza moja na kabati lisilofunga. Afisa alimsogezea karatasi. Chini yake palikuwa na saini nzuri, yenye mikia na vikonyo.

"Saini yangu mimi ni mkwaruzo," Misumari alisema. "Hii imepambwa kama kadi ya harusi. Na huo upendo na uvumilivu ni kilemba cha ukoka. Mimi si mvumilivu. Niangalie."

Afisa alimwangalia, akafungua kalamu. "Basi niambie. Kaka yako ni mtu wa namna gani?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alikuwa na hasira za kutosha kumvua nguo kaka yake mbele ya mgeni yule. Ulimi ulimwasha. Akavuta pumzi.

"Si mtu mbaya. Mtoto akiwa naye hucheka mpaka anapaliwa. Baiskeli kafundishwa na yeye, kuogelea kafundishwa na yeye. Lakini kulea hajui, na kujifunza hataki. Anataka kuniazima mimi kama anavyoazima jeki ya lori. Akimtaka mtoto wake, amlee kwa mikono yake. Naomba karatasi, nitaandika mwenyewe."

Aliandika akikandamiza kalamu mpaka maneno yakatokea upande wa pili. Alianza hivi: Mimi ni fundi makochi.

Mahakama iliamua Kasuku akae kwa mama yake, na baba amchukue kila anaporudi safari, kwa sharti kwamba awepo nyumbani yeye mwenyewe. Kwa ile saini ya kughushi, hakimu alimkemea kaka mtu mbele ya watu wote, akamwonya kwamba akirudia atashtakiwa. Kaka alitoka pale akaenda kuueleza ukoo mzima kuwa dada yake kamuuza. Mama akaacha kupiga simu. Wifi mtu alituma ujumbe mrefu wa shukrani, na Misumari akamjibu kwa maneno machache: "Sikufanya kwa ajili yako."

Miezi ikapita. Jumamosi moja asubuhi simu ikaita. Alikuwa kaka yake, na hata salamu hakutoa.

"Nywele za Kasuku zimejisokota. Kila nikigusa analia. Unaanzia wapi?"

Nyuma yake ilisikika sauti ya mtoto: "Baba, unanivuta! Si hivyo! Mama anaanzia kwenye ncha!"

"Si umeambiwa?" Misumari akasema. "Anzia kwenye ncha."

"Dada, ungepita mara moja tu..."

"Niko kazini."

Akakata simu. Hasira bado ilikuwa imemkaa kooni, na hakuona sababu ya kuimeza.