Zege la Kwenda kwa Hajra

Jumamosi asubuhi fundi Silvanus alianza kumwaga zege kutoka barazani kwa Amna hadi barabarani, hapo Ruangwa mjini, upana wa kiti cha magurudumu na nafasi kidogo ya viwiko. Kiti kilikuwa cha Mwanaima, mama yake Amna, ambaye kiharusi kilimchukua miguu yote miwili. Ng'ambo ya barabara aliishi mdogo wake Mwanaima, Hajra, naye alikuwa haondoki kitandani. Waliongea kwa simu kila siku, lakini simu haina mkono, na Mwanaima alikuwa amechoka kuvushwa mgongoni na vijana wa bodaboda.

"Nataka niende kwa Hajra mwenyewe," alisema. "Nisibebwe kama gunia."

Hilo tu. Wala halikuwa jambo kubwa.

Mchana mifuko ya saruji iliondoka kwa pikipiki kuelekea Nachingwea, ambako Silvanus alikuwa anajijengea nyumba. Mwanaima aliiona kutoka barazani akadhani ni mifuko mitupu. Amna alikuwa jikoni akiwasongea mafundi ugali. Alasiri saruji ikaisha, njia ikiwa imefika nusu. Fundi wa haki angesimama. Silvanus alisema zege halilali, akatazama huku na huku, akaona salfa ya Amna ya kupulizia mikorosho imeegemezwa ukutani. Unga ni unga. Akaikoroga yote na mchanga na kokoto. Jua lilipozama kazi ilikuwa imekwisha, na sifa ya kazi ile ni hiyo moja tu, kwamba ilikwisha. Akaagiza zege limwagiliwe maji asubuhi na jioni, akaondoka.

Amna akamwagilia. Ni mtu wa kufuata masharti.

Siku Mwanaima alipotoka, Amna alikuwa sokoni. Nusu ya kwanza ilimpokea vizuri. Katikati magurudumu yakazama, na zege likawa laini kama ugali wa mgonjwa. Akakaa pale juani, barabara anaiona, mlango wa Hajra anauona. Aliona aibu, akalia kidogo, kisha akangoja mpaka Amna aliporudi kumkokota.

Baada ya hapo zege likapasuka, na kwenye nyufa yakatoka maua ya mkorosho.

Mwanaima alisema zege limechanua. Amna alisema ameona. Wakanywa chai.

Msimu ulipofika yakatoka mabibo mekundu na ya njano, kila moja na korosho yake, yamekaa juu ya zege kama yamepangwa. Majirani wakaja na ndoo. Walisema korosho za hapa hazina doa, wakati za mashambani kwao zimeshambuliwa na ukungu. Sasa zingepataje ukungu, na salfa zimezaliwa nayo? Amna alimpigia Silvanus simu mpaka akapokea, akamweleza kwamba mama yake hawezi kutoka.

"Dada, mimi nimekuachia na shamba juu," fundi alisema. "Bado unalalamika?"

Amna akaenda kwa mtendaji. Mtendaji alimsikiliza hadi mwisho, akaja kutazama, akatafuna bibo, akatema makapi. Alisema kabla ya maua hii ingekuwa kesi ya fundi, lakini sasa ni suala la kilimo. Afisa kilimo naye akaja, akashauri palizi na salfa kidogo, akakumbusha kwamba mkorosho unaozaa haung'olewi bila kibali. Amna akafuata kibali wilayani. Wilayani walisema hawawezi kukitoa katikati ya msimu. Msimu ulipokwisha walisema wangoje kikao, na kikao kilipokaa zege lilikuwa limechanua tena. Pa kupitisha njia nyingine hapakuwepo. Kushoto kuna choo, kulia ukuta wa jirani.

Silvanus siku hizi hashikiki. Watu wa Nandagala wanataka zege kama la kwa Amna, na kabla hajauliza saruji anauliza salfa. Njia ya nyumba yake kule Nachingwea ni ngumu na imenyooka, hata jani halijaota. Hapo kwake hakuna asiyeweza kutembea.

Asubuhi moja ya maua simu iliita, na haikuwa sauti ya Hajra. Ilikuwa ya mwanawe, akisema Hajra ametutoka alfajiri. Mwanaima aliiweka simu mapajani. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wanaingia na mikeka kichwani, na wanaume wanafunga turubai. Aliangalia hayo yote. Hakulia, maana kilio chake alikuwa anakiweka akalie huko huko.

Amna alitoa kanga mbili, akachuchumaa mbele ya kiti. Mama akaegemea mgongo wa mwanawe, akafungwa kama afungwavyo mtoto. Alikuwa amekonda, hakuwa mzito. Kiti kikabaki barazani, magurudumu yake yakielekea barabarani. Walipofika katikati, pale kiti kilipokwama mwaka jana, Mwanaima akainamisha mdomo sikioni kwa Amna.

"Taratibu," alisema. "Usikanyage maua."

Amna akayakwepa maua, akavuka barabara.