Wakosaji Wawili na Kabati la Mkunga

Mume wangu na kaka yangu walisoma shule moja ya masista, na mpaka leo hawajatoka. Miili ilitoka, ikaota ndevu, ikafungua karakana ya useremala nyuma ya nyumba yangu. Wenyewe wamo mle mle. Kengele ya muuza maziwa ikilia, wanaacha randa na kusimama wima. Akiingia mwanamke yeyote aliyevaa nyeupe, hata muuza mikate, wanamwamkia, "Shikamoo, Sista." Muuza mikate amezoea, siku hizi anaitikia.

Mimi nilisoma shule ya kawaida. Nikigombana nagombana, nikimaliza nakula.

Ugomvi wao ulianzia kwenye kabati walilotengeneza kwa agizo la mkunga. Walipofunga milango yake miwili, haikukutana. Katikati palibaki nafasi ya paka kupita, na paka akapita. Mbao zilikuwa zimekatwa fupi. Watu wa kawaida hapo wangesingiziana, wakatukanana kidogo, yakaisha. Hawa wangu kila mmoja akaweka mkono kifuani.

"Kosa langu, shemeji," mume wangu alisema.

"Hapana, shemeji. Niliyepima ni mimi," kaka akajibu.

"Ulipima, lakini alama nilichora mimi."

"Usinibebee mzigo wangu."

"Na wewe usiniibie wa kwangu."

Nilidhani wanatania. Kumbe! Shuleni kwao aliyekiri kwanza ndiye aliyewekwa kiti cha mbele, na Sista Mkuu akamshika kichwa kumbariki watu wote wakiona. Aliyechelewa alihesabiwa kuwa na roho ngumu. Mtoto aliyelelewa hivyo, ukimnyang'anya kosa lake ni kama umemnyang'anya sahani akiwa bado anakula.

Wiki ikapita hawasemeshani, isipokuwa kusali kabla ya chakula. Hapo walisali pamoja, kwa sauti nzuri kabisa, halafu kila mtu akatazama ukuta wake. Kabati likakaa katikati ya karakana, paka amelala ndani. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema lolote kuhusu wakosaji wawili.

Kisha kaka akaja jikoni kuniaga.

"Dada, mtu anayeninyima kosa langu ananiona mtoto mdogo. Kesho naondoka. Nimepata kazi mji wa mbali."

"Unaondoka kwa sababu umekataliwa kulaumiwa?"

"Ndiyo," alisema, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

Wazazi hatuna. Ndugu wa tumbo moja ninaye huyu tu, na ndiye aliyenilea, pamoja na sala zake zote. Nilichukua vitunguu visivyohitajika nikavikatakata, ili nipate kisingizio cha machozi.

Kesho yake asubuhi, gunia la misumeno yake likiwa tayari mlangoni, nilikumbuka jambo moja walilonisimulia wote wawili. Shuleni, waliokosana walipewa sufuria moja iliyoungua. Mmoja anashika, mwenzake anasugua, na hairuhusiwi kuitua mpaka mmoja aseme "nimekosa" na mwingine aseme "nimekusamehe." Basi nikaunguza maharage makusudi, nikawaita uani, nikawapa sufuria. Waliipokea kwa mikono miwili bila kuuliza. Mume wangu akashika, kaka akasugua.

"Nimekosa," alisema kaka.

"Nimekosa," alisema mume wangu.

Kaka akasugua tena.

"Mimi nimekosa zaidi."

"Zaidi yangu? Haiwezekani."

Salaale! Ikawa kukosa kwingi, wa kusamehe hayupo. Sufuria iling'aa ndani, ikang'aa nje, nikaanza kuogopa itatoboka. Nje ya lango, dereva aliyekuja kumchukua kaka akapiga honi. Kaka akageuza shingo kutazama gunia. Hapo hasira zikanipanda mpaka masikioni.

"Tueni sufuria yangu!" nilisema. "Mbao nimeziharibu mimi. Nilipangusa vumbi, alama ikafutika, nikachora nyingine kwa kukisia. Haya! Nimekosa mimi!"

Uongo mtupu. Siku walipokata zile mbao sikuwapo hata nyumbani, nilikuwa kwa fundi cherehani nikigombania pindo la gauni.

Walitazamana. Nyuso zikawalegea, kama watu waliotuliwa mizigo kichwani.

"Tumekusamehe," walisema kwa pamoja, kwa sauti ile ile ya kanisani.

Sufuria ikatuliwa. Mume wangu akamshika kaka bega, na kaka akalia waziwazi. Dereva akaambiwa aende zake. Kaka akafungua gunia, akatoa msumeno, akamfukuza paka kabatini.

Tangu siku hiyo nasamehewa. Nasamehewa asubuhi kwa chai, nasamehewa jioni kwa maji ya kuoga yaliyokwisha pashwa moto. Nikishika penseli hata ya kuandika bei ya sukari, wanatazamana kwa upole. Hakuna kitu kinachoudhi duniani kama kusamehewa bure. Mara ngapi neno limenifika kwenye ncha ya ulimi! Lakini nikilitoa, kosa litabaki tena halina mwenyewe, na hao wawili nawajua.

Jumapili iliyopita kaka aliacha kula, akanishika mkono.

"Dada, usijitese. Mungu amekwisha sahau."

"Asante, kaka," nilisema, nikamwongezea maharage.