Kabichi ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani aliamka na kabichi kichwani. Hata chai hakunywa. Alikwenda sokoni, akachagua moja iliyojikaza kama ngumi, akarudi nayo kifuani, nusu anatembea nusu anakimbia. Mumewe, kinyozi, alimkuta mlangoni.

"Mke wangu, hiyo ni kabichi au mtoto wa watu?"

"Cheka tu. Leo nakula majani mimi!"

Alikuwa na kiu ya mboga za majani tangu siku ile spinachi ilipomwasha uso na masikio, akajikuna mgongo kwa rula ya kupimia nguo. Daktari alimweleza kuwa mwili wake haumudu histamini, kitu kilichomo katika baadhi ya vyakula, na ambacho huzidi chakula kikilala. Spinachi aache, nyanya aache, viporo asiviguse. Ila kabichi iliyopikwa na kuliwa papo hapo, ajaribu kidogo kidogo. Akajaribu, na kabichi nayo ikamwasha! Daktari akakuna kidevu: "Jaribu tena mara moja. Ikikukataa, majani tuyaage."

Leo ndiyo ilikuwa mara hiyo.

Jiko lilikuwa la shangazi yake, aliyemlea, na mwiko wake haukuguswa na mtu. Kwa hiyo fundi alivuta kigoda hadi mlango wa jikoni, akawa anashona ukosi wa shati, mkono kwenye sindano, jicho kwenye sufuria. Mafuta, sawa. Kitunguu, sawa. Kabichi ikamiminwa, ikalia chwaa! Moyo wa fundi ukalia nayo.

Ndipo shangazi akafunua bakuli kando ya jiko, akachota upawa.

"Shangazi, weka chini!"

"Kuna nini, nyoka?"

"Huo upawa! Una nini?"

"Kichuzi cha jana tu, cha kuiamsha mboga. Si ndivyo ninavyopika tangu hujaota meno? Mboga mpya lazima isalimiane na ya jana, ndipo ijue imeingia nyumba ya nani."

"Na ile kabichi ya kwanza uliitia?"

"Ningeachaje? Nimpe mgonjwa mboga iliyopooza?"

Fundi alishika kichwa, akaangua kicheko mpaka ukosi ukaanguka. "Hicho ndicho kiporo chenyewe! Na kina nyanya!"

"Kiporo ni sahani nzima, mwanangu. Upawa mmoja si kiporo."

"Shangazi," kinyozi akadakia kutoka uani, "hata unywele mmoja ni unywele."

Shangazi akanuna, midomo mirefu kama kata. "Basi semeni mimi ndiye mchawi."

"Mchawi gani anayenipikia kila siku?" Fundi akamkumbatia na upawa wake, mchuzi ukarudi bakulini bila kugusa sufuria.

Kabichi ikaiva. Fundi alitia kidogo tu kwenye kisahani, akala, kisha akakaa wima kama anayepigwa picha. Kinyozi alileta kioo chake cha kazi. Shangazi alisahau kununa, akamzunguka.

"Sikio la kushoto jekundu!"

"Hilo nimelivuta mwenyewe."

"Shavu je?"

"Shangazi, ni joto la jiko lako!"

Walingoja. Fundi akamaliza ukosi, akatia vifungo, akapiga pasi shati zima. Hakuna kilichowasha. Hakuna kilichovimba. Akajitazama kwenye kioo, uso wake wa kawaida kabisa, akaruka akapiga kigelegele hadi jirani akauliza nani kaolewa.

Shangazi akaonja kabichi, akakunja uso. "Haina ladha, imepooza."

"Tamu hiyo!" Fundi akanyoosha mkono.

"We! Daktari kasema kidogo kidogo." Shangazi akaikumbatia sufuria, kisha akamwona mtoto aliyemlea anavyomeza mate. Akachota kijiko kimoja, akampa. "Nenda kaninunulie kisufuria kipya. Cha mboga zako. Hicho mchuzi wa jana hautakijua."